Saa ya Utulivu

Jamani, kuna watu wana kipaji cha kuharibu jambo kwa nia njema! Jumba la makumbusho lilitangaza saa ya utulivu, Jumapili moja tu, kwa watoto wasiostahimili kelele na mwanga mkali. Mama mmoja, fundi cherehani, akalibandika tangazo juu ya cherehani yake. Binti yake wa miaka minane, ambaye nyumbani walimwita Profesa, alikuwa na wazimu wa nyangumi. Idadi ya mifupa ya nyangumi aliijua kuliko idadi ya binamu zake. Na nyangumi wa pale jumbani, mifupa mitupu iliyoungwa, angefunguliwa kesho yake, mfupa kwa mfupa, apelekwe kukarabatiwa miaka miwili. Ilikuwa leo au basi tena.

Mama alijipanga. Alifumua lebo zote za gauni na soksi zisimkere ngozi, akanunua vile vifuniko vya masikio wanavyovaa mafundi wa mitambo. Mlangoni mlinzi akavinyooshea kidole.

"Hivyo viache hapa, mama. Vifaa vya muziki haviingii."

"Havipigi muziki, kaka yangu. Vinazuia kelele."

"Sasa ndani kuna kelele gani? Si saa ya utulivu?"

Profesa akavivua mwenyewe, akamshika mkono mama yake wakaingia.

Kumbe msimamizi wa jumba alikuwa ameandaa mapokezi! Kipaza sauti kikapiga wiii, naye akakigonga kwa kidole. "Moja mbili, moja mbili! Karibuni kwenye saa ya utulivu! Makofi kwa watoto wetu!" Wafanyakazi wakapiga makofi hasa, tena kwa vigelegele. Mpiga picha akamulika nyuso. Mtoto mmoja akajitupa sakafuni, mwingine akabebwa nje akilia. Profesa aliziba masikio, akafumba macho, lakini hakukimbia. Ukumbi wa nyangumi ulikuwa hatua kumi tu mbele yake, na mbavu zilionekana kupitia mlangoni.

Mama akamfuata msimamizi, akamwomba kwa adabu zote akizime kile kipaza sauti.

"Tunawachangamsha, mama! Imebaki risala fupi tu."

Akaomba tena. Akaambiwa avute subira. Subira! Miaka mingapi amekuwa akivuta subira, shuleni, kliniki, kwa mashemeji wanaosema mtoto amedekezwa? Hasira zikampanda, hata hakusikia kwamba makofi yamekwisha, akamgeukia kila mtu mle ndani.

"Nyamazeni!" alipiga ukelele. "Nyamazeni nyote! Hivi hamna akili?"

Dari ilikuwa juu sana na kuta tupu, kwa hiyo sauti ilizunguka jumba zima kabla ya kufa. Alipogeuka, Profesa hakuwepo.

Alimkuta nje, amejikunja kando ya ukuta, mikono masikioni. Mama akachuchumaa, akaongea kwa sauti ya chini kabisa.

"Twende mwanangu. Sasa kimya. Nyangumi yuko peke yake, hakuna hata mtu mmoja. Dakika mbili tu, tafadhali."

Profesa akatikisa kichwa. Alipojibu hakumtazama.

"Walikuwa wameshanyamaza, mama," alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kutembea kwenda kwa nyangumi."