Folda Yenye Jina la Mke

Meneja wa kliniki yetu ya uzazi ana ugonjwa wa kutofuta kitu. Ukifungua seva unakuta folda MAJIBU, pembeni yake MAJIBU MAPYA, halafu MAJIBU MAPYA KABISA, na ndani ya hiyo kuna nyingine inaitwa USIGUSE, ambayo kila mtu anaigusa. Mimi ndiye fundi wa seva hiyo. Kila asubuhi nikiifungua najiona nafunua sufuria iliyosahaulika jikoni tangu wiki iliyopita, na sina pa kuumwaga uvundo wake.

Kinachonichefua zaidi ni utaratibu wa majina. Wanaume wanakuja, wanapimwa vizuri tu, lakini waandikwe kwenye kliniki ya uzazi? Thubutu. Basi meneja akaamua kila ndoa iwe na folda moja yenye jina la mke, na ndani yake mafaili mawili, moja "mke", lingine "mume". Hata karatasi ya majibu ya mume inatoka na jina la mkewe juu. Na folda zenyewe hazina nywila, eti madaktari watasumbuka. Nililalamika mpaka nikachoka, nikaambiwa nina maneno mengi kwa fundi.

Siku moja wifi yangu, mke wa kaka, aliingia ofisini kwangu bila hodi. Macho yalikuwa yamemvimba. Akavuta kiti akakaa karibu yangu kabisa.

"Wifi, nani kaiona karatasi yangu?"

Nilijua anachosema. Jumapili kulikuwa na kikao cha ukoo nyumbani kwangu, maana mama anaishi nami. Mama alitangaza mbele ya wajomba na mashangazi, wifi mwenyewe akiwepo, kwamba mke wa mwanawe hazai, karatasi ya kliniki imesema. Kaka hakufungua mdomo. Wakakata shauri arudishwe kwao mwisho wa wiki. Nami nilikaa pale nikidhani daktari ameshawaambia wote wawili.

"Sijaitwa kupewa majibu," wifi akasema. "Miadi yetu ni kesho. Mama kayajulia wapi? Kama ni kuachwa nitaachwa, sitakufa. Lakini nimjue aliyenianika."

Nikamweleza kwamba seva inaandika kila anayeifikia: katoka anwani gani ya mtandao, ameshika kifaa gani, ameomba folda ipi na faili lipi. Maandishi hayo tunayaita logi. Aliyefungua karatasi atakuwemo humo tu.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Akasema logi ya leo ameshaitazama, haina kitu. "Zile za nyuma zimeharibika. Ukizifungua ni takataka tupu. Nilikuwa nataka kuzifuta."

Mtu asiyefuta kitu, siku hiyo ndiyo alipata hamu ya kufuta. Nikamwambia hazijaharibika, seva inazibana kila siku ili zisijaze nafasi, na zinataka kufunguliwa na anayejua.

Nikazifungua za wiki iliyopita. Mistari mingi ilikuwa ya roboti, zile programu zinazozurura mtandaoni zikigonga kila mlango, na meneja wetu huzihesabu zote kuwa wateja kisha akajisifu kwenye mkutano. Nikaziondoa. Zikabaki anwani za watu. Nikashuka nazo polepole, wifi akipumua begani kwangu, mpaka nikafika kwenye anwani ninayoijua kwa moyo.

Ilikuwa ya nyumbani kwangu. Niliilipia mwenyewe anwani isiyobadilika, ili niweze kuingia kazini nikiwa sebuleni. Na kifaa kilichoandikwa pembeni ni simu yangu ya zamani, niliyompa mama baada ya kununua mpya. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu wangu nilikuwa nampikia uji.

Mstari wa kwanza, mama alifungua ukurasa wa miadi. Wifi akautambua, ndio aliomtumia kaka, na kaka, bila haya, akampelekea mama yake. Ukurasa ule una kitufe cha kurudi nyuma, na ukikibonyeza orodha ya folda zote inamwagika mbele yako. Mama alikibonyeza. Akafungua folda ya mke wa jirani yetu wa ukuta mmoja. Akafungua ya mwalimu wa watoto wa shangazi. Akaingia, akatoka, akaingia tena, mtu mzima ameshika tasbihi mkono mmoja na simu mkono mwingine, nina hakika. Mate yalinijaa mdomoni nikataka kutema.

Kisha akafika kwenye folda ya wifi.

"Soma," wifi akasema.

Sikusoma. Akainama akasoma mwenyewe: kwanza jina lake, kisha jina la faili.

"Mume," akasema taratibu. "Hili alilofungua ni la mume."

Mama aliona jina la wifi juu ya karatasi, akaruka maneno ya kidaktari yote, akaokota mstari wa mwisho unaosema mtoto hatapatikana. Kumbe mwenye karatasi ni mwanawe.

"Na langu?"

Nikatafuta kote. "Lako halijafunguliwa na mtu."

Meneja akakohoa. "Basi ni mama yako. Hayo ni mambo ya kifamilia, kliniki haimo." Akaondoka anatembea kama mtu aliyetua mzigo. Sikumwomba ruhusa. Nikafunga folda zote kwa nywila, moja baada ya nyingine.

"Leo usiku nawaambia wote," nikamwambia wifi. "Wajomba, mashangazi, wote."

"Usiseme." Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga. "Mimi habari zangu nimezisikia kikaoni, na wala hazikuwa zangu. Kaka yako akaambiwe na daktari, mlango umefungwa, kama mtu. Niahidi."

Nikamwahidi. Yule ana utu, na sisi tulikuwa tunamrudisha kwao.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa sebuleni, miwani puani, anasugua kioo cha simu kwa kidole.

"Mwanangu, hebu nitazamie. Ule ukurasa wa kwenu leo unaniomba nywila."

"Unautakia nini?"

"Kaka yako anataka aione karatasi kwa macho yake kabla hajaenda kwa wakwe. Asije akaambiwa kamsingizia mtoto wa watu." Hata haya hakuona. "Na mke wa jirani naye, kuna kitu sikukimaliza."

Niliitazama simu yangu ile mkononi mwake, nikaona kinyaa hata kuipokea.

"Mwambie aende mwenyewe kesho," nikasema. "Miadi ipo. Akae mbele ya daktari asomewe."

Mama akafikiri kidogo, uso ukamchangamka. "Hilo la maana. Nami nitamsindikiza. Nataka nisikie kwa masikio yangu."

"Nenda, mama," nikasema. "Uwahi."