Vikaratasi vya Mfukoni mwa Waziri

Nimefua makoti ya Profesa Kalafatis miaka kumi na tisa, tangu mume wangu alipofariki. Kabla ya kuloweka hupekua mifuko. Alipokuwa akifundisha sheria chuoni, nilikuta chaki. Alipofanywa waziri wa elimu, vikaja vikaratasi.

Watu walimvizia mlangoni, kwa kinyozi, hata kanisani, wamtilie mkononi vikaratasi vya maombi: fulani ahamishwe, fulani apandishwe cheo. Kwetu mtu akiingia serikalini, mji mzima hujiona umeingia naye. Alisema, "Asante," akavitia mfukoni, akavisahau makusudi. Miaka mingi aliwafundisha vijana kwamba sheria haina binamu.

Nami nilikuwa na langu. Binti yangu Stamata, mwalimu, alikuwa mwaka wa sita kisiwani Karpathos, na barua ya uhamisho haiji. Nilikuwa nimechoka kula peke yangu. Lakini Profesa angekataa, nami ningeona haya kuendelea kumpigia pasi.

Nikawaza, waziri asipowasikia, Mungu atawasikia. Jumapili nilipopeleka kanisani mkate wa madhabahuni pamoja na majina ya kuombewa, nikatia vikaratasi vyote, na kimoja nilichomwandikia Stamata juu yake.

Padri Sotiris haoni vizuri. Husoma kila kilichoandikwa.

"Umkumbuke, Bwana, mtumishi wako Thrasos, awe mkuu wa shule ya pili. Umkumbuke Areti, apangiwe mbali na mama mkwe. Umkumbuke Stamata, atoke Karpathos arudi kwa mama yake."

Wanawake walijiziba midomo kwa leso. Profesa alikuwa amesimama mbele, shingo nyekundu.

Mchana akaja jikoni.

"Mama Evanthia, leo umeniumbua."

"Sikukuumbua, Profesa. Niliwaombea."

"Na Stamata? Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa kweli." Akaketi, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, "Lakini mwenye miaka sita visiwani yuko mbele kwenye foleni ya uhamisho."

"Foleni hiyo nani ameiona?"

Akavaa tena miwani. Baada ya wiki mbili akaagiza orodha za uhamisho zibandikwe ukutani katika kila mji, mtu aone yuko wapi na nani kamruka. Kwa miaka ya kazi Stamata alikuwa wa tatu. Waliomruka walikuwa kumi na mmoja, na baadhi yao wana wajomba bungeni. Walirudishwa nyuma. Septemba binti yangu akarudi na mabegi mawili na paka.

Februari baraza la mawaziri likabadilishwa, Profesa akaachwa nje.

Mkahawani wakamtania, "Mzee, umeangushwa na mkate."

"Mkate wenyewe ulikuwa mtamu," akawajibu.

Jumatatu nilipopekua koti lake nilikuta kipande cha chaki. Nikakiweka chini ya taa ya Bikira Maria, nikamshukuru, kisha nikamwita Stamata aje tule.