Kinyama cha Khairat

Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, ndipo mambo yalipomharibikia Mbaruku. Tabibu wa zahanati, bila hata kuinuka kitini, alisema uvimbe wa pajani kwa bintiye Khairat ni jipu, vilevile walivyosema kuhusu uvimbe uliomuua marehemu mkewe. Wenye vyeo bwana! Mbaruku aliukanda kwa maji moto miezi miwili, uvimbe ukazidi. Huko Dodoma ndiko daktari alikokata kinyama, kikapimwa, ikaonekana saratani ya misuli. Sindano mwaka mzima, nywele zikapukutika zote.

Leo daktari alibonyeza paja, akatabasamu. "Mzee, amepona. Mwandikishe shule."

"Kawaambie wale wa jipu!" Mbaruku alicheka huku machozi yakimtoka.

Khairat akamvuta shati. "Baba, mbona mama hawakumkata kinyama?"