Mbuzi Watatu wa Emali

Ndunda alikuwa na kichwa kigumu, tusidanganyane. Miaka nane iliyopita Kimeu, fundi wa baiskeli kutoka Emali, alimletea mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao bila wao Mkamba hana mke hata azae watoto kumi. Ndunda akawatazama pale langoni, akasema wamekonda, warudishwe. Alitaka tu kijana abembeleze kidogo, aje na walionona. Ati heshima! Kimeu hakurudi, Nduku binti yake Ndunda akamfuata, na mzee akaapa kwamba mpaka ntheo iletwe, binti huyo asikanyage kwake wala mama yake asiende kwa binti.

Jumatatu presha ilimwangusha Nduku shambani, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Jumatano Ndunda alipanda treni pale Athi River kwenda kumdai. Mwanamke ambaye hajatolewa ntheo huzikwa kwa babake, na hilo hakuna wa kulibisha. Nyumbani Kyumbi aliacha vijana wa kanisa wakitafuta majembe ya kuchimba kaburi, na mkewe Peris akipiga pasi rinda ambalo mtoto wao angevishwa. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi.

Ugomvi wenyewe haukutokea. Kimeu alimpokea kwa sauti ya chini, akampeleka nyuma ya jiko, kwenye zizi dogo lililotengwa na la mbuzi wengine. Ndani mlikuwa na mbuzi watatu walionona.

"Hawa ni wako, mzee," alisema. "Wale wa kwanza walizeeka, Nduku akaweka wengine. Hata ule mwaka wa kiangazi, tukilala njaa, hakukubali tuuze mmoja. Alikuwa anasema ukituita, tusichelewe."

"Na mbona hamkuleta?"

"Si ulitufukuza, mzee. Tulikuwa tunangoja utuite."

Na yeye miaka yote hiyo alikuwa anangoja waje. Ndunda alishika mti wa zizi, akalia bila kuficha uso. Alipomaliza aliingia, akamwekea kila mbuzi mkono mgongoni, akasema, "Nimepokea." Alijua vizuri anachofanya. Kwa neno hilo Nduku alikuwa mke wa Kimeu, na angezikwa Emali Jumamosi.

"Asante, baba," Kimeu akasema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

Asubuhi ya Alhamisi, kabla jua halijatoka, mzee aliomba baiskeli ya Nduku. Alisema anampelekea mama yake. Maneno tu hayo. Gari lingemfikisha Kyumbi kwa saa mbili, na hakuwa na hamu ya kufika.

Kiti kilikuwa chini, kwa kimo cha Nduku, hivyo magoti yalimsumbua tangu mwanzo. Spana alikuwa nayo mfukoni, Kimeu alimpa. Hakukiinua. Alipita Sultan Hamud malori ya Mombasa yakimsukumia kwenye changarawe, akanywa chai ya dukani akiwa amesimama, akaendelea. Kwenye mlima wa Salama aliteremka, akasukuma, na njia nzima alikuwa akijitungia namna ya kumwambia Peris.

Simu ikalia akiwa huko huko mlimani.

"Baba Nduku, vijana wamemaliza kuchimba," Peris alisema. "Mko wapi na yeye?"

"Niko njiani," akajibu, akakata. Aliona aibu kweli kweli, mtu wa miaka sitini na mbili.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipoingia nyumbani. Majirani walikuwa uani. Peris hakumtazama yeye, alitazama barabara nyuma yake.

"Gari liko wapi?"

"Halipo. Tutaenda kumzika kule Jumamosi." Akavuta pumzi. "Nimepokea ntheo, Peris."

"Ameileta lini?"

"Ilikuwako. Mbuzi walikuwa zizini tangu mwaka ule nilipowarudisha. Mtoto alikuwa anawatunza, akingoja nimwite."

Peris aliketi juu ya udongo uliotoka kaburini. Mama mmoja wa kanisa akataka kumshika, akamwondoa mkono.

"Kwa hivyo angekuja," alisema. "Ungepiga simu moja tu, mtoto wangu angekuja."

"Angekuja," Ndunda akasema.