Wivu wa Kiwandani

Usiku wa jana niliota nimo katikati ya ugomvi ambao sikumbuki kuuanza, mimi na jirani yangu Mwanaidi, tumesimama barazani mwake, kila mmoja kashika kiuno.

"Honi hiyo si ya kiwandani," nasema mimi.

"Saumu, mwenzangu, honi hii imezaliwa na gari. Kama huipendi sauti yake, ziba masikio."

Ndotoni yalikuwa yaleyale ya hapa kwetu Ngamiani, Tanga. Marehemu mume wangu aliniachia gari la zamani, Pijo 404, marehemu wake akamwachia Moris Maina. Sote tukazikarabati. Lakini tangu Moris itoke kwa fundi, wageni waliokuwa wakijaa kwangu kila alasiri, chai na umbea, wamehamia kwake. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Honi ilikuwa kisingizio.

Mara jaji akaingia. Alikuwa plagi ya gari, urefu wa kidole, kavaa tai.

"Nimetumwa kupima magari ya zamani," akasema. "Sheria ni moja. Kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani."

Tukasema sawa. Mwanaidi akamtafutia kigoda.

Baraza sasa ni jiko langu, wageni wamejaa kwenye viti, na Pijo imeegeshwa kati ya mbuzi ya nazi na mtungi, Moris nyuma yake. Plagi anapanda juu ya boneti, anainusa.

"Rangi inang'aa mno. Naondoa pointi."

"Kung'aa nako ni kosa?"

"Kiwandani hawakuwa na muda wa kulipenda gari namna hii."

"Nilimwambia asinipige mkono wa tatu wa rangi," ikasema Pijo. "Hasikii huyu." Ilikuwa ikimwambia Moris, si mimi.

Zamu ya Moris ikafika. Plagi akafungua mlango, mlango ukalia.

"Mlio huu?"

"Wa kiwandani," ikajibu Moris.

"Na bampa hili lililokaa upande?"

"Nilitoka nalo hivyo. Aliyelifunga siku hiyo alikuwa na njaa."

Plagi akafumba macho kwa raha. Wageni wakapiga makofi, kisha wakabeba viti kwenda kukaa karibu na Moris. Viti vyangu. Bi Siwema, aliyeimaliza sukari yangu miaka na miaka, akanipita na kiti kichwani bila hata salamu.

Moyo ukaniwaka. "Sheria imesema kila kitu," nikamwambia Plagi. "Basi na wenye magari tupimwe."

Plagi akafikiri. "Hoja ina nguvu."

Akaanza na Mwanaidi. Jino la dhahabu, si la kiwandani. Nywele, hina. Akamwomba acheke, akacheka.

"Kicheko kimeundwa upya baada ya msiba," akasema Plagi, "lakini kazi safi."

Kisha akanifungua boneti. Ninayo, ipo chini ya kola.

"Subira, ya mtumba. Huruma imefungwa kwa waya, kazi ya fundi wa mtaani. Masikio yametumika kupita kiasi." Akainama ndani zaidi, sauti ikashuka. "Wivu. Wa kiwandani. Hakuna spana iliyowahi kuugusa. Rangi bado iko juu ya nati."

Nikakabidhiwa kikombe cha ushindi. Watu wote wakarudi, na viti vyangu. Nyumba ikajaa mpaka wengine wakakaa dirishani. Nikainuka kuchemsha chai.

"Hairuhusiwi," akasema Plagi. "Mvuke utauharibu wivu."

Nimezungushiwa kamba. Watu wanautazama wivu wangu kwa kunyanyua shingo, wala hakuna anayesema neno, wasije wakaupumulia. Bi Siwema ana habari ya ndoa ya mtu, naiona imemvimba shavuni, lakini hasemi. Ng'ambo ya ukuta namsikia Mwanaidi akicheka peke yake. Hata hapo nikamwonea gere.

Wivu ukanguruma mara moja, ukawaka.

"Umewaka bila kusukumwa," mtu akanong'ona kwa heshima.

"Utolewe," nikasema.

"Ukiguswa hata kidogo, kikombe kinarudi," akasema Plagi.

"Kirudi. Nimechoka kutazamwa."

Pale ndani hakuna aliyekuwa na spana. Nikamwita Mwanaidi. Akaivuka kamba kama mtu anayevuka mfereji, kakunja mikono ya gauni.

"Kaza shingo, shoga," akasema, akaingiza mkono chini ya kola yangu. Akahangaika sana. "Nati moja imelegea. Nyingine zimeshika kutu, tutazirudia."

Nikaamka. Jua limeshaingia chumbani na mlango unagongwa. Alikuwa Mwanaidi, na kanga mabegani.

"Saumu, una sabuni ya unga? Nimeamka na vidole hivi, na gari sijaligusa wiki nzima."

Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi mpaka ndani ya kucha. Nikaona ananitazama shingoni. Nikapapasa kola ya gauni langu la kulalia, mkono ukarudi na grisi.

"Na wewe hapo," akasema.

"Najua."

Nikaleta kopo la maji na sabuni, nikammiminia palepale kizingitini, akanawa polepole, kidole kwa kidole.

"Kuna kiporo cha wali na mbaazi," nikamwambia. "Ingia tule."