Mzee Aliyekuja na Nyumba

Kila ikifika Juni tunahamia kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, nyumba yenyewe tunawaachia wageni wa likizo. Hapa Aberwennol karibu kila mtu hufanya hivyo. Mgeni analala kitandani mwako akiitazama bahari yako, nawe unalala karibu na magunia ya viazi ukiutazama mgongo wa nyumba yako.

Tabu yetu ilikuwa Babu Emrys. Kwa miaka hamsini, akiamka saa kumi na mbili asubuhi, jambo la kwanza ni kuigonga barometa ya sebuleni, ile saa ya ukutani inayosema mvua au jua. Anagonga mara mbili kwa kidole, ndipo siku yake inaanza. Mwaka jana aliingia kuigonga akamkuta mwalimu mmoja wa Liverpool yumo ndani ya karai, anaoga. Mwalimu aliondoka siku ile ile.

Kwa hiyo mwaka huu Mama alimwambia mapema: "Baba, ukikanyaga humo ndani mara moja tu, unakwenda Wrexham kwa Ceinwen mpaka Septemba."

Shangazi Ceinwen ni binti yake wa kumzaa, lakini kwake hakuna bahari, kiko ni marufuku, na uji hautiwi chumvi.

"Afadhali mnizike," Babu akasema.

Mimi nikapewa kazi ya kumchunga.

Jumamosi wakaja Bwana Tunnicliffe na mkewe kutoka Stoke, na mvua ikaja nao. Jumapili nzima Babu alizunguka banda kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jumatatu nilipoamka kitanda chake kilikuwa kitupu. Nikakimbilia dirisha la sebule. Babu alikuwa ndani, amevaa nguo yake ya ndani ya sufu, ile ndefu yenye vifungo nyuma, anagonga. Nyuma yake amesimama Bwana Tunnicliffe na kikombe cha chai.

"Inasemaje?" mgeni akauliza.

Babu hakugeuka hata. "Mvua mpaka saa nne, halafu jua. Msiende ufukweni kabla ya hapo."

Saa nne na dakika tano jua likatoka.

Sikumwambia Mama. Jumanne mgeni alimwachia mlango wazi. Jumatano mkewe alimwekea kikombe chake. Alhamisi Mama, akianika shuka, alichungulia dirishani akamwona Babu anakula mkate wa zabibu aliouoka yeye kwa ajili ya wageni. Akaenda moja kwa moja posta kupiga simu.

Ijumaa asubuhi basi likamshusha Shangazi, kichwani kofia ya manyoya ya ndege.

"Wifi, sanduku lake liko wapi?"

"Hili hapa. Na kiko nimeshakitoa."

"Ceinwen," Babu akalalamika, "mimi baba yako, nilikubadilisha nepi!"

"Nepi alinibadilisha mama yangu. Wewe ulikuwa unagonga barometa."

Hapo mlango wa nyumba ukafunguka, Bibi Tunnicliffe akatoka mbio.

"Jamani, mzee mbona hajaja leo? Tumekaa tangu alfajiri na viatu miguuni, hatujui tuvae makoti au tuyaache!" Akamgeukia Mama. "Na mwakani tunataka wiki mbili, Mama Pugh. Dada yangu naye anataka. Ila mzee awepo. Si huja na nyumba?"

 Mama akalitazama sanduku, akamtazama Shangazi.

"Huja na nyumba," akasema.

Babu alikuwa ameshafika mlangoni.

"Baba!"

Akasimama.

"Suruali kwanza."

Nilimfuata ndani. Mimi ndiye ninayeifuta ile barometa kila Jumamosi, najua mshale wake haujasogea tangu kabla sijazaliwa. Babu akigonga, macho yake huwa kwenye kioo cha barometa, kinachoakisi dirisha lililo nyuma yake. Humo wanaonekana kondoo wa kule juu ya rasi. Leo walikuwa wameshuka wote, wamejibana kwenye ukuta wa mawe.

Akagonga mara mbili. "Vaeni makoti," akawaambia wageni. "Na wewe Ceinwen, kofia hiyo itie mfukoni."

Shangazi akatazama nje, mbingu ya buluu, akacheka sana. Alipopanda basi la saa sita, manyoya ya kofia yalikuwa yamemlalia puani, na maji yanamchuruzika hadi kwenye viatu.