Ukuta Uliozimwa

Karakana nzima ilimwita msanifu mkuu Bwana Rula, na si kwa unyoofu wake. Alitembea na rula kwenye mfuko wa shati kama wengine wanavyotembea na kitana, ila hakuna aliyewahi kumwona akipima nayo kitu. Fundi, mwanamke aliyefunga na kufungua mabomba ya kituo kile cha nyuklia kwa miaka kumi na tisa, alikuwa na mkosi kuliko wenzake wote: Bwana Rula alikuwa pia shemeji yake. Duniani wamejaa wanaume, na mdogo wake alikwenda kumwokota huyu.

Asubuhi hiyo Rula alikuwa amesimamisha tangi la plaiwudi katikati ya karakana, refu kupita mtu, limepakwa rangi ya fedha likang'aa kama kombe la mashindano. Lilikuwa mfano wa tangi la chuma litakalosafisha maji machafu yenye mionzi. Kazi yenyewe haina uchawi. Maji yanaingia juu, yanapita katikati ya punje ndogondogo kama mtama, punje zinanasa sumu, na maji yanatokea chini yakiwa na adabu zao. Shida ni kwamba sumu haijaenda popote, imehama nyumba tu. Punje zikishashiba, tangi lenyewe ndilo linalong'ata. Hapo lazima mtu aingie chumbani, alitenganishe na mabomba, winchi ilinyanyue, lishushwe jingine.

Mtu huyo ni Fundi. Kwa hesabu za watu wa usalama, angeruhusiwa kusimama karibu na tangi lile dakika nne, basi. Na mkaguzi, mama mkimya mwenye miwani ya kamba, alikuwa amekuja kutia sahihi au kukataa. Akitia sahihi leo, kesho chuma kinakatwa, na bolti nane ambazo Rula amelifungia tangi kwenye bomba ndizo atakazopambana nazo Fundi mpaka anastaafu, kama mwili utamfikisha huko.

"Dakika tatu na nusu," Rula alisema, akifuta mikono kwa leso. Alikuwa amemaliza kuzifungua bolti zote nane mbele ya mkaguzi. "Nimefungua mwenyewe, na mimi wala si fundi."

"Hilo tunalijua," Fundi alisema.

Alilizunguka tangi taratibu, kama mtu anayekagua mbuzi wa kuuziwa na tapeli. Bolti zilikuwa nyuma, chini kabisa.

"Shem, bomba la kutokea umelipeleka mgongoni kwa nini?"

"Likikaa mbele linaharibu sura."

"Chumba hakina dirisha. Nani ataitazama hiyo sura?"

"Shem, kuna kitu kinaitwa usanifu."

"Kipo. Mimi nakitafuta hapa."

Mkaguzi alikohoa kidogo, akauliza kama Fundi alitoa maoni michoro ilipopelekwa idarani. Alitoa, mara mbili, kwa maandishi. Mara zote mbili Rula alimjibu kwamba maoni yake yamepokelewa, akamwekea na alama ya dole gumba.

"Tangi likishakaa chumbani," Fundi aliendelea, "linakuwa umbali gani na ukuta wa nyuma?"

Rula alifungua kompyuta yake kwa furaha ya mtu aliyeombwa picha za watoto wake. Tangi lilitokea, akaligusa kwa kidole, likazunguka upande huu, likazunguka upande ule, mgongo wake ukaja mbele wenyewe bila kusumbua mtu.

"Mbona sioni ukuta?" mkaguzi aliuliza.

"Niliuzima. Ulikuwa unanizuia kuona."

Sentensi tamu kama hiyo mtu hapewi kila mwaka. Fundi aliutoa mchoro wa chumba kwenye bahasha, akaukunjua juu ya meza.

"Sentimita arobaini na tano. Na huu mchoro umeuchora wewe mwenyewe, shem. Naomba nikuwashie ukuta wako."

Alimwita mwenzake wa zamu, wakazirudisha bolti zote nane na kuzikaza, wakaleta mbao mbili za plaiwudi, wakazisimamisha nyuma ya tangi kwa kipimo kilekile. Kisha akaleta suti ya kazi, ile nyeupe yenye zipu mgongoni, na barakoa, na glavu jozi tatu za kuvaa moja juu ya nyingine.

"Haya mambo ya nini sasa?" Rula aliuliza. "Hili ni plaiwudi, halina hata mionzi."

"Avae," mkaguzi alisema, akatoa saa yake.

Dakika ya kwanza yote iliishia katika kuingia. Rula alijaribu kwa mbele, tumbo likakataa. Akajaribu kwa ubavu, akapita, spana ikabaki nje. Dakika ya pili alikuwa amepiga magoti, kioo cha barakoa kimejaa ukungu, anapapasa bolti kama mtu anayetafuta swichi katika nyumba ya kupanga. Ya kwanza ililegea. Ikamponyoka, ikabiringika chini ya tangi. Ya pili aliikaza badala ya kuifungua.

"Dakika nne zimeisha," mkaguzi alisema.

Bolti saba zilikuwa bado mahali pake, zimetulia.

"Na chumbani taa ni hafifu kuliko hapa," Fundi aliongeza, kwa upole wa kuudhi.

Ilibidi wauondoe ukuta ndipo atoke. Alisimama akihema, suti imemganda.

"Shem, nifungulie zipu."

"Kalamu kwanza."

Akamwekea mchoro mbele yake. Kwa glavu tatu na kioo cha ukungu, msanifu mkuu wa kituo alizikata bolti zake nane kwa mstari, kisha akaandika kwa herufi za kuku: bomba lihamie mbele, klampu moja ya kubania yenye mkono mrefu, ivutwe kwa fimbo kutoka mlangoni. Maneno yale yalikuwa ya Fundi, ya barua ya kwanza. Mkaguzi aliyasoma mara mbili, akaandika chini yake kwamba mfano utajaribiwa upya, na ukuta ukiwepo.

Fundi alishika zipu, akaanza kuishusha. Imefika katikati ya mgongo, simu ya Rula ikaita mezani. Alikuwa mkewe. Fundi aliipokea kwa mkono wa pili, akamshikia karibu na barakoa.

"Vipi, wameupitisha?" sauti ya mdogo wake iliuliza.

"Bado kidogo, mke wangu," Rula alisema. "Kuna kasoro moja nimeigundua mwenyewe nikaona niirekebishe."

Fundi akaipandisha zipu mpaka shingoni, akaiacha simu mezani ikiongea, akaenda kunywa chai.